Sabatiko ni ya kumalizia, si ya kuanzia

Mtafiti mwandamizi wa masuala ya maendeleo akinyimwa nafasi ya sabatiko nje, yaani likizo ya kitaaluma ya kufanya utafiti au kuandika, mara nyingi wasifu wake hauna kasoro. Kasoro iko kwenye andiko la maombi. Kichwa kinasema "Nafasi ya ushirika katika kupunguza umaskini Afrika Mashariki", muda miezi sita, na kipengele cha kwanza cha kazi ni kukusanya takwimu. Utakusanyaje takwimu za AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika wa mazao) za kahawa ukiwa umekaa Ulaya, na AMCOS zenyewe ziko Kibosho na Machame?

Andiko lenye nguvu huja na mzigo uliokwisha kubebwa. Linasema: takwimu zipo na zimesafishwa, sura tatu zimebaki, ya kwanza ina rasimu, na ninakuja kwenu kwa sababu mna nyaraka hizi na mtaalamu huyu atakayenipinga hoja. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo wengi huisahau. Mwenyeji, yaani chuo au taasisi itakayokupokea, anataka kujua kwa nini uende kwake na si kwingine, na "mazingira tulivu ya kuandika" si jibu. Utulivu hata Tengeru upo.

Muda nao hupangwa kwa kazi. Kituo cha Bellagio cha Rockefeller Foundation, kule Italia, hukukaribisha kwa karibu mwezi mmoja tu: panatosha kunyoosha muswada, hapatoshi kuuandika. Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, kwa watafiti wa Afrika ni kati ya miezi 3 na 9, hapo kitabu kinaweza kusogea. Ila viza yake ya J-1, ya wageni wa programu za kubadilishana, huja na sharti la kukaa nyumbani miaka 2 kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu Marekani, na baada ya kumaliza ukiwa kundi la watafiti, huruhusiwi kurudi kwa kundi hilohilo hadi miezi 24 ipite. Anayepanga safari mbili zinazofuatana alijue hilo mapema.

Kwa nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja ya pamoja, chunga neno "miezi mitatu". Viza ya muda mfupi inaruhusu siku 90 ndani ya siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Sasa hesabu: Julai 31, Agosti 31, Septemba 30, jumla 92. Barua ya mwaliko ikiandikwa tarehe 1 Julai hadi 30 Septemba, umeshavuka, na unahitaji viza ya kitaifa yenye masharti mengine na foleni nyingine. Mwombe mwenyeji aandike tarehe kamili zisizozidi siku 90. Barua hiyohiyo itaje nani analipa nyumba, kama kuna ada ya kutumia maabara, na kama utapewa ruhusa ya kuingia maktaba na majarida yao ya mtandaoni. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000; kadi yako ya NHIF, bima ya afya ya taifa, haitakusaidia huko.

Nyumbani ndiko kunakochelewesha. Uliza idara ya utumishi swali moja kwa maandishi: hii ni sabatiko yenye mshahara au likizo bila malipo? Tofauti yake iko kwenye PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma Tanzania. Michango ni asilimia 20 ya mshahara, 5 zako na 15 za mwajiri. Mshahara ukisimama, michango nayo inasimama, na mtu aliyebakiza miaka michache kustaafu asilichukulie hilo kirahisi. Kisha kuna kibali cha safari ya nje kwa mtumishi wa umma. Tiketi ya kutoka uwanja wa ndege wa KIA usiikate kabla hakijafika mkononi.

Wanafunzi wa uzamivu wasiachwe kwa ahadi ya "tutawasiliana kwa barua pepe". Andika jina la msimamizi mwenza kwa kila mmoja, na mkuu wa idara asaini.

Kwa watafiti wa afya, hasa wanaotumia takwimu za wagonjwa wa Moshi, kuna jambo moja zito. Kubeba faili la takwimu kwenye kompyuta mpakato ni kulihamisha nje ya nchi. Kunahitaji mkataba wa kuhamisha takwimu unaopitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa, na sampuli za damu zina mkataba wake peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inagusa kila faili lenye majina, namba za simu au namba za hospitali. Ondoa hivyo vyote kwanza, funguo ya utambulisho (orodha inayoonyesha namba ipi ni ya mgonjwa yupi) ibaki chuoni kwenye kabati la kufuli, halafu uombe mkataba siku ileile unayotuma andiko. Ukisubiri barua ya kukubaliwa ndipo uanze, utafika kwa mwenyeji, upewe dawati zuri, ukiwa huna cha kuchambua.