Jinsi nilivyopata umri wa moreni baada ya kukosea mara ya kwanza

Nilikuwa na mawe matano kutoka tuta moja, na kila moja likanipa umri wake. Mawili yalionyesha kwamba barafu iliondoka juzijuzi, kwa hesabu ya kijiolojia. Mawili mengine yalikaribiana. La tano likadai limepigwa na jua karibu maradufu ya wenzake. Na hilo lilikuwa tuta moja, ambalo unaweza kulitembea kutoka mwanzo hadi mwisho kwa nusu saa. Nilikuwa nimetumia miezi mingi kuyafikisha mawe hayo maabara, na siku majibu yalipokuja nilikaa nayo mezani bila kujua pa kuanzia.

Moreni ni tuta la mawe, changarawe na udongo ambalo mto wa barafu hulirundika ukingoni mwake. Barafu ikisimama mahali pamoja kwa muda, tuta hukua. Ikirudi nyuma, tuta hubaki na kuonyesha ilikofika. Kulitambua si kazi kubwa; tangu mwanasayansi Mswisi Louis Agassiz achapishe kitabu chake kuhusu mito ya barafu mwaka 1840, watu wamekuwa wakisoma matuta haya kama mipaka ya barafu ya kale. Kigumu ni kujua barafu ilisimama pale lini. Bila tarehe, ramani ya barafu ya zamani ni mchoro tu, na huwezi kusema bonde hili na lile yalijaa kwa wakati mmoja.

Njia niliyotumia ni ya berili 10, aina adimu ya atomi za elementi ya berili. Mionzi inayotoka anga za juu hupiga mawe yaliyo wazi, na ndani ya kwatzi, madini magumu yaliyo katika mawe mengi, hupasua atomi za oksijeni na kuacha atomi chache za berili 10. Usawa wa bahari, kwenye latitudo za juu, hutengenezwa takriban atomi 4 kwa kila gramu ya kwatzi kwa mwaka. Kwenye milima ya mita 4,000 idadi hiyo huwa zaidi ya mara kumi, kwa kuwa hewa inayozuia mionzi ni chache. Jiwe likiwa limefunikwa na barafu nene au limezikwa ardhini, saa hii husimama. Barafu ikiliacha juu ya tuta, saa huanza. Atomi hizo huoza polepole mno, nusu-uhai wake, yaani muda wa nusu yake kuoza, ni karibu miaka milioni 1.39, kwa hiyo kwa tuta la miaka elfu kumi au ishirini uozo huo ni wa kuhesabika tu, hausumbui.

Fikiria udogo wa kitu tunachokitafuta. Jiwe lililokaa wazi miaka 15,000 usawa wa bahari lina atomi kama 60,000 za berili 10 katika kila gramu, na gramu hiyo hiyo ina atomi za silikoni ambazo idadi yake ni 1 ikifuatiwa na sifuri 22. Bado hunishangaza kwamba zinahesabika.

Basi, kosa langu lilitokea wapi? Nilianza kulaumu maabara, kimoyomoyo. Nikarudia hesabu za usafishaji, nikaangalia sampuli tupu, ile inayopitishwa hatua zote bila jiwe ndani yake ili kupima uchafu. Ilikuwa safi. Ndipo nikampelekea mwalimu wangu jedwali la majibu, nikamwambia nafikiria kuchukua wastani wa mawe yote matano.

Hakuligusa jedwali. Alisema, "Mwanangu, hebu nionyeshe kwanza picha za mawe yenyewe."

Nikamfungulia. Alipofika picha ya jiwe la pili akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Hili lilikuwa na urefu gani kutoka ardhini?"

"Kama nusu mita, Mwalimu."

"Na tuta lilipokuwa jipya?"

Sikuwa na jibu. Moreni mpya ina mgongo mkali kama paa la nyumba. Miaka inavyopita, mvua na baridi huteremsha udongo wake, mgongo huwa butu, na mawe yaliyokuwa yamezikwa huchomoza. Jiwe la nusu mita huenda lilikuwa chini ya udongo kwa maelfu ya miaka. Nilikuwa nimepima siku lilipotoka ardhini, si siku barafu ilipoliacha. Mawe yangu mawili "machanga" yote yalikuwa mafupi. Niliyachagua kwa sababu yalikuwa rahisi kufikia na tindo.

Lile la tano lilikuwa na kisa kingine. Kwenye picha, nyuma yake, lilionekana genge refu la mwamba upande wa kushoto wa bonde. Pembe za jiwe hilo zilikuwa kali, halina mchirizi hata mmoja, halijalainishwa popote. Jiwe kama hilo huanguka kutoka genge, likabebwa juu ya barafu bila kusagwa, na kutuliwa kwenye tuta likiwa na berili liliyoikusanya tangu lilipokuwa ukutani. Tofauti ni kwamba jiwe lililokokotwa chini ya barafu hukwanguliwa. Mionzi hupungua haraka ndani ya mwamba: kina cha sentimita 60 uzalishaji hubaki kidogo zaidi ya theluthi moja, na kina cha mita tatu ni asilimia moja au mbili tu. Barafu ikikwangua mita mbili tatu, karibu historia yote ya zamani inafutika. Isipokwangua, jiwe hubeba miaka ya kwao.

Wastani wa mawe hayo ungetupa tarehe ya tukio ambalo halikuwahi kutokea. Hiyo ndiyo sababu siku hizi, mtu akinionyesha umri wa moreni, namwomba picha kabla ya namba.

Tulirudi mlimani msimu uliofuata. Safari hii siku mbili za kwanza sikutoa nyundo kwenye begi. Nilitembea mgongo wa tuta kwenda na kurudi nikiandika mawe daftarini: urefu, upana wa kitako, umbali kutoka mteremko, hali ya uso. Kati ya mawe zaidi ya themanini niliyoyaandika, saba tu yalinitosha. Yote yalizidi mita moja, yamekaa kwenye kilele cha tuta, yana kitako kipana kisichoweza kupinduka, na yako mbali na genge.

Jiwe moja nalikumbuka vizuri. Urefu wake ulikaribia mita mbili, na katikati ya uso wake ulipita mshipa wa kwatzi, mweupe, upana wa kidole. Mshipa ulikuwa umeinuka juu ya jiwe. Niliweka rula pembeni: sentimita moja na nusu. Kwatzi ni ngumu kuliko madini yaliyoizunguka, kwa hiyo mwamba ulikuwa umeliwa na hali ya hewa angalau kwa kiasi hicho huku mshipa ukibaki. Juu ya mshipa wenyewe, nilipopitisha kidole, palikuwa laini kama kigae. Huo ulikuwa ulaini ulioachwa na barafu. Jiwe lilikuwa linaniambia kiasi ulichopungua uso wake, na jambo hilo kwa kawaida hukisiwa tu. Nilichukua sampuli kando ya mshipa, kipande cha unene wa sentimita tatu, karibu kilo moja. Kisha nikapima kwa dira na klinomita, kifaa cha kupima pembe ya mwinuko, urefu wa upeo wa macho pande zote, maana mlima unaokinga sehemu ya anga hupunguza mionzi inayofika.

Maabara sitaieleza hatua kwa hatua. Unasaga jiwe, unachekecha chembe za kati ya milimita 0.25 na 0.5, unaondoa kwa sumaku madini yanayovutwa nayo, halafu unaanza mabafu ya asidi hidrofloriki iliyozimuliwa, siku baada ya siku. Felspa, madini mengine ya jiwe, huyeyuka kabla ya kwatzi, na tabaka la nje la kila chembe huondoka pamoja na berili iliyoletwa na mvua, ambayo haihusiani na umri wa jiwe. Asidi hii ni hatari kuliko inavyoonekana. Hupenya ngozi na kushika kalisi mwilini, na maumivu yanaweza kuchelewa. Sikuwahi kuigusa bila glavu mbili na bila jeli ya kalisi glukonati, dawa ya kuungua na asidi hiyo, karibu na mkono. Kwatzi ikishakuwa safi huongezewa kiasi kinachojulikana cha berili ya kawaida, huyeyushwa yote, berili hutengwa, huchomwa kuwa oksaidi, huchanganywa na unga wa niobi, na kupelekwa kwenye spektromita ya masi yenye kiongeza kasi, mashine inayohesabu atomi zenyewe. Mwisho wa kazi yote hiyo unabaki na unga kidogo unaoweza kupotea kwa chafya moja.

Majibu ya pili yalikuja. Mawe sita kati ya saba yalikubaliana ndani ya makosa ya kipimo. La saba lilikuwa dogo kiumri kidogo, nikaliacha nje ya hesabu na kueleza sababu. Lakini sikuridhika na njia moja. Nyuma ya tuta palikuwa na kiziwa ambacho kisingeweza kuwepo barafu ikiwa pale, kwa hiyo mashapo yake ya chini kabisa lazima yawe machanga kuliko moreni. Tulitoa mashapo hayo kwa bomba refu, tukaokota vipande vya majani karibu na kitako, tukavipima kwa kaboni 14, njia ya kujua umri wa mabaki ya viumbe. Vilitoka vichanga kuliko tuta, kwa tofauti ndogo. Vingetoka vikongwe, ningelazimika kuanza upya.

Palikuwa na tatizo jingine ambalo halikutoka mlimani. Umri wangu haukulingana na ule uliochapishwa miaka mingi kabla kwa bonde la jirani. Nilipofungua kazi hiyo nikaona walitumia uzalishaji wa karibu atomi 5 kwa gramu kwa mwaka, kama ilivyokuwa kawaida wakati ule. Sisi tunatumia takriban 4. Uzalishaji ukipungua, umri huongezeka. Bahati nzuri walikuwa wameandika kila kitu, unene wa sampuli, mwinuko, kinga ya mlima, hesabu ya atomi zenyewe. Nikapiga hesabu upya na sehemu kubwa ya pengo ikafungika. Nawashukuru watu hao ambao sijawahi kukutana nao. Wangeandika umri peke yake, kazi yao leo ingekuwa haina matumizi.

Niseme pia kwamba berili 10 haifai kila mahali. Mawe ya volkeno kama ya Kilimanjaro na Mlima Kenya hayana kwatzi ya kutosha, na ndiyo maana moreni za huko zilipimwa kwa klorini 36, aina nyingine ya atomi zinazotokana na mionzi hiyo, ambayo hesabu yake inadai kujua kemia ya jiwe zima. Rwenzori, yenye mawe ya kwatzi, ilikubali berili 10, na moreni zake za chini zilionyesha barafu iliyoenea mbali miaka kama 20,000 na zaidi iliyopita, wakati barafu kubwa zilikuwa zimefunika kaskazini mwa dunia.

Nikiwa na tarehe mkononi, ndipo nikachora. Nilifuata moreni za pembeni kwenye picha za angani hadi zilipokatika kwa juu. Moreni hujengwa pale barafu inapoyeyuka zaidi ya inavyoongezeka, kwa hiyo sehemu ya juu kabisa ya moreni ya pembeni inakupa kadirio la chini la mstari wa mlingano, ambapo theluji inayoanguka na barafu inayoyeyuka hulingana. Nikaujaribu kwa njia ya pili, nikichukulia kwamba karibu asilimia 60 ya eneo la barafu ilikuwa juu ya mstari huo. Njia zote mbili ziliangukia karibu.

Unene niliukadiria kwa mteremko. Barafu hutiririka kwa uzito wake, na msuguano kitakoni mara nyingi huwa karibu kilopaskali 100. Uso ukiwa na mteremko wa nyuzi 5, hiyo inatoa barafu ya mita 130 hivi. Nilipoweka kontua ya mwisho, yaani mstari wa mwinuko, kwenye ramani nikatafuta mahali tulipokuwa tumepiga hema misimu yote miwili, kwenye uwanda wa nyasi kando ya kijito. Mstari wa uso wa barafu ulipita juu ya pale, mita 130 juu ya vichwa vyetu, na moreni ya pembeni kwenye mteremko wa mkabala ilikuwa kwenye mwinuko huo huo. Nilikuwa nimeitazama kila asubuhi nikisubiri maji yachemke.