Magamba ya kibua kwa neti ya shela

Hii ilikuwa Disemba 2015, Nungwi, Unguja, kaskazi ndo kwanza inaanza kushika. Dada yangu alikuwa anaolewa na fundi cherehani aliyemshonea shela alibakiwa na vipande vya neti, ile nyeupe laini laini, kavisukumia kwenye mfuko chini ya cherehani. Nikaviomba. Akaniuliza vya nini, nikamwambia vya kutilia magamba samaki wa mti, chambo cha kuvulia, akanitazama sana halafu akanipa mfuko mzima.

Wakati ule nilikuwa baharia kwenye boti moja ya kupeleka watalii kuvua. Kwenye boti zile kila chambo bandia chenye umbo la samaki na kile kidomo cha mbele kinachokifanya kiyumbe majini sisi tunakiita rapala tu, hata kama kimetoka kiwanda kingine kabisa. Kepteni wetu alipenda kutupa habari ya huyo Lauri Rapala mwenyewe, mvuvi wa Finland, hali yake ya chini, ambaye mwaka 1936 alichonga wa kwake kwa koki na kisu cha fundi viatu, na kwa kuwa vanishi ilimshinda bei akafunika kwa karatasi ya fedha ya chokleti halafu akayeyusha negativu za picha akatia juu. Ile habari ilinikaa. Nikawa najiuliza, yule mzee kaweza kwa karatasi ya chokleti, sisi tulio na mafundi wanaotoa ngalawa nzima ndani ya gogo la mwembe tunashindwa na nini? Na rapala za dukani zilikuwa ghali mno kwa mvuvi wa kawaida, samaki nguru mmoja tu akikukatia mshipi basi umelala na hasara.

Nikamwendea ami yangu, ndugu yake baba, fundi wa ngalawa, banda lake la makuti liko pale pale ufukweni. Nikampa salamu zake nikamueleza. Akasema, "Mti ninao, waya ninao. Rangi na hayo magamba shughuli yako mwanangu."

Tukachukua msufi, maana mti wake mwepesi na unachongeka. Ami akauchonga urefu wa shibiri moja hivi, akaupasua katikati kwa msumeno mwembamba, akachimba kijifereji ndani akalaza waya mmoja wa stenlesi unaotokea puani, ukatokeza kitanzi tumboni na kingine mkiani, akaurudisha ukawa mmoja kwa gundi ya Araldite. Nguru akivuta avute waya, asivute mti, ukifunga skrubu tupu kwenye msufi zinachomoka. Akatia na risasi kidogo tumboni akawa anautosa kwenye ndoo ya maji ya bahari mpaka ukakaa mgongo juu wenyewe. Yote hayo aliyafanya bila maneno mengi, kazi ya mti kwake kitu cha kawaida.

Ngozi sasa, hapo ndo palikuwa na kazi.

Nilitaka kibua, kwa sababu kibua ndo chakula cha nguru na kila mtu pwani anamjua. Lakini kumjua kibua kwenye sufuria na kumjua akiwa ametoka majini ni vitu viwili tofauti kabisa. Ami akanambia nenda alfajiri boti zikishusha, umtazame kabla hajafa rangi. Nikaenda. Wallahi sikuwa nimewahi kumtazama kibua namna ile maisha yangu yote. Mgongo kijani inayokwenda kwenye bluu, kuna mistari ya dhahabu inapita kwa urefu kutoka kichwani kwenda mkiani, kuna doa jeusi karibu na pezi la ubavuni, tumbo fedha tupu. Na ile dhahabu haikai, jua likipanda kidogo tu imeshakuwa nyeusi nyeusi, kwa hiyo anayenunua sokoni saa nne hajawahi kuiona. Nikanunua vibua nikawafunga kwenye gunia lililoloweshwa nikakimbia nao bandani.

Tukawa na neti za aina tatu. Mfuko wa vitunguu, tundu zake kubwa, ukipulizia rangi unapata magamba ya samaki mkubwa. Chandarua cha zamani. Na ile neti ya shela, tundu zake ndogo zina pembe sita, na ukiivuta upande mmoja zinarefuka zinakuwa kama gamba kweli lililolala. Kwa kibua mwenye magamba madogo vile, shela ndo ilikuwa jibu, chandarua kilitoa magamba manene.

Baadae sana nilipokuwa nasoma soma kwenye intaneti ndo nikaja kujua kuna kampuni ya Marekani, Creek Chub, ya mji wa Garrett kule Indiana, imesifika kwa kupulizia rangi kupitia neti kupata magamba zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ilinifurahisha sana ile. Mtu yuko Indiana anahangaika na samaki wa maji baridi na sisi Nungwi tunahangaika na kibua, wote tumefikia kwenye kitambaa chenye matundu.

Ami ni mtu wa kujaribu pembeni kwanza, akanipa kipande cha mti chakavu, akasema tia namna zote mbili tuone. Upande mmoja nikapaka fedha kwanza, nikavalisha neti, nikapulizia kijani. Upande wa pili nikapaka kijani iliyokoza, nikavalisha neti, nikapulizia fedha. Rangi zenyewe zile za makopo wanazopakia magari na vespa, nilizifuata mjini Darajani.

Tulipotoa neti tukaviweka pamoja na kibua wa kweli juani. Ule wa kwanza ulikuwa unapendeza, lakini mistari ya gamba inang'aa na katikati ya gamba kumekoza. Ami akaugeuza geuza akasema, "Huyu keshanaswa kwenye wavu huyu." Na kweli. Kwenye samaki hasa ni kinyume, gamba lenyewe ndo linang'aa na ukingo wake ndo una giza, kwa sababu gamba moja linamlalia mwenzake. Ule upande wa pili ulikuwa hivyo hivyo. Neti inaziba sehemu nyembamba tu, rangi ya chini inabaki pale kwenye uzi, rangi ya juu inaingia kwenye tundu, kwa hiyo chini kuwe na giza na juu kuwe na mwanga. Jambo dogo ukilisema, lakini ndo limebeba kila kitu.

Basi tukauingia mti wenyewe. Nilishautia vanishi nyepesi inywe, nikapaka nyeupe ya chini, msasa, nyeupe tena, halafu ile kijani ya giza mgongoni na mbavuni. Tukaacha mpaka ikauka kisawasawa, maana neti ukiivalisha kwenye rangi mbichi inaacha alama zake na zile hazifutiki. Kuivalisha neti ndo kunataka mikono miwili na subira. Lazima ilale juu ya mti pote, ikinyanyuka hata kidogo rangi inapita chini yake na gamba linakuwa ukungu. Tukaivuta kwa urefu, tukaikusanya yote chini ya tumbo, tukaibana kwa vibanio vya nguo kwa mstari mmoja. Makunjo yote yakaangukia tumboni na tumbo litapakwa jeupe mwishoni, hakuna atakayeyaona.

Tulipuliza asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka. Kopo unalianzia pembeni, nje ya samaki, kwa sababu mpuko wa kwanza huwa unatema matone, halafu unapita nalo kwa mbali kidogo, kama sentimita 25 au 30, unapita na kuondoka, unapita na kuondoka. Ukitaka kulimaliza kwa mara moja rangi inalowesha uzi na inachuruzika chini ya neti. Na neti unaitoa rangi ikiwa imekamata tu lakini haijawa ngumu, unaibandua kwa kuinyanyua moja kwa moja, usiiburute.

Nilipoibandua nilikaa kimya. Magamba yamejipanga kutoka kwenye shavu mpaka mkiani, kila moja na kikingo chake.

Mie nilitaka tuishie pale, mtu umepata kitu kizuri namna ile unataka kionekane. Ami akakataa. Akamuweka kibua wa kweli ubavuni kwa samaki wetu, akanambia nionyeshe magamba yake. Nikaonyesha pale katikati. Akasema nionyeshe mgongoni. Mgongoni kumekoza, huoni gamba, unaona rangi. Nionyeshe tumboni. Tumboni mwanga mtupu, hakuna kitu. Magamba yanaonekana pale jua linapopiga kwa ubavu tu na kwengine yanazama. Basi tukapulizia ukungu wa kijani na bluu juu ya mgongo bila neti, ukaja ukafunika magamba ya juu taratibu, na nyeupe kutoka chini ikafunika ya tumboni, yakabaki yale ya katikati peke yake. Na hapo ndo akawa samaki. Mpaka leo nikiona mtu kachora magamba mwili mzima kwa nguvu ile ile, kuanzia mgongo mpaka tumbo, naona kazi nzuri imeharibiwa na kazi iliyozidi, na nasema hivi kwa mapenzi kabisa kwa sababu najua uchungu wa kuyafunika.

Mistari ya dhahabu nikachora kwa brashi ya nywele chache, doa jeusi, jicho. Juu yake tukatia Araldite, na hiyo inataka kugeuzwa, ukiiacha inajikusanya tumboni inakuwa kidonda. Tulimshika huyo samaki wetu kwa ule waya wa puani na wa mkiani tukawa tunamgeuza kama mshikaki kwa zamu, ami akienda kuswali nashika mie, nikienda mie anashika yeye, mpaka ikaganda. Kidomo tukakata kwenye kipande cha plastiki ngumu inayopitisha mwanga.

Tulienda kurambaza, yaani kuvua kwa kuburura chambo nyuma ya chombo, na ngalawa ya rafiki yake ami, upande wa mkondo wa Pemba, tanga limejaa na marengu, yale ya pembeni mwa ngalawa, yanapiga maji. Nikaufungia waya kwanza, meno ya nguru si ya kuchezea, nikauachia nyuma. Majini karibu na ngalawa ulikuwa unayumba na kila ukiyumba ubavu unawaka na kuzimika, kwa sababu fedha ile iko katikati tu na pembeni yake kuna giza. Nilifahamu hapo kwamba magamba kazi yake ni hiyo, kuuvunja ule mwanga vipande vipande. Sisemi nguru anahesabu magamba. Kwanza anafuata mwendo, na msufi wa ami ulikuwa na mwendo. Lakini kitu kilichopakwa fedha tupu kinawaka chote au kinazima chote, samaki hawi hivyo.

Alipokamata alikamata kwa mkiani, ndo kawaida ya nguru, na mshipi ukanikata kidole kabla sijauweka sawa. Ami akapiga kelele niache aende, nikamwacha, akaenda mbali akachoka akarudi. Nguru wa kubebwa begani. Tukampeleka mnadani pale ufukweni akapata bei nzuri, lakini watu wa mnadani wakawa wanashika kile chambo kuliko samaki mwenyewe. Mkiani meno yalikuwa yamepita Araldite mpaka kwenye mti, ami akasema tuukaushe na tuzibe mapema, msufi ukinywa maji unavimba na rangi yote inapasuka.

Mzee mmoja wa Tumbatu akaugeuza, akapitisha ukucha kwenye magamba kutafuta yalipoanzia, akamuuliza ami kama tunaweza kumfanyia mkizi, yeye anafuata kolekole. Ami akamwambia tunaweza, ila atuletee mkizi mwenyewe kwanza, tena wa asubuhi. Mie nilishaanza kufikiria mfuko wa vitunguu, mkizi gamba lake kubwa na kijivu yake ina mistari inayofuata safu za magamba, kwa hiyo neti ingebidi inyooke sana kwa urefu, na kwa tundu kubwa vile vibanio peke yake visingetosha kuilaza.