Leo nimekula kwa wakubwa

Ndiyo kwanza nimefika nyumbani, ngoja niandike kabla usingizi haujanibeba.

Kuna mgahawa wa kifahari hapa mtaani, ule wenye taa hafifu na vitambaa vyeupe mezani. Siku zote napita nje tu. Leo dada yangu kapandishwa cheo kazini, akasema twende, analipa yeye. Nani akatae?

Chakula kitamu, sibishi. Sahani pana kama ungo, chakula chenyewe kiko katikati, kidogo, kimepambwa hadi unakionea huruma kukigusa.

Lakini kilichonikaa moyoni ni mhudumu wetu.

Mama wa makamo, hana haraka. Dada alipolaza kisu na uma sambamba juu ya sahani, yule mama akaja kuiondoa. Yangu hakuigusa. Kisu changu na uma vilikuwa vimeachana, yaani bado nakula.

Hakuuliza kitu!

Baadaye akapita na brashi ndogo, akafagia makombo mezani huku sisi tunapiga soga, wala hakutukatiza.

Mimi niliyezoea kuita "samahani, samahani" mpaka koo linakauka, nilibaki namtazama tu. Anakuona bila kukukodolea macho. Hiyo kazi si ndogo jamani.

(Bili sikuiona. Dada aliikunja upesi mno, nikaanza kushuku.)

Haya, ninyi wazoefu wa sehemu hizo, semeni ukweli: huwa mnashiba, au mkirudi mnafunua sufuria? Mimi hapa naelekea jikoni.