Kaka kasema "afadhali"

Jamani hii "afadhali" ya kaka inanikera tangu Alhamisi. Wiki yenyewe ilikuwa na mambo kibao, mahari ya binti wa shangazi imepokelewa, pale duka la dawa bosi mpya kaanza na watu wanaulizia barakoa kutwa nzima kwa ajili ya hii korona, lakini mimi nikitulia kidogo tu nalisikia hilo neno.

Mpango wetu ulikuwa huu. Aprili kaka ashuke kutoka Mwanza, twende sinema pale Mlimani City tukamuage Daniel Craig, maana No Time to Die ndo filamu yake ya tano na ya mwisho kama James Bond, yule jasusi wa Uingereza. Tunaisubiri tangu Spectre ya 2015, mara Danny Boyle aliyekuwa aongoze kajitoa, mara Craig kaumia kifundo cha mguu wakishuti, tukavumilia. Sasa Jumatano hii tarehe 4 Machi 2020 wenyewe wakatangaza wanaisogeza mpaka Novemba, tarehe 12 kwa Uingereza na 25 kwa Marekani. Kesho yake asubuhi nikampigia kaka hata chai sijanywa.

"Kaka umesikia? Bond wamemsogeza mpaka Novemba."

Kimya. Halafu, "Afadhali."

"Afadhali nini sasa?"

"Aah, basi tu mdogo wangu. Mama hajambo?"

Ndo hivyo, tukahamia kwenye presha ya mama na simu ikaisha. Afadhali kwa nini? Likizo kanyimwa? Nauli imegoma? Au anaogopa kukaa na watu kwenye chumba kimefungwa, hilo ningemwelewa kabisa, hata wale mashabiki wakubwa wa Bond Ulaya waliandika barua ya wazi wiki hiihii kuomba filamu isogezwe kwa sababu ya ugonjwa. Au ndo imeshamtoka moyoni na hajui aniambieje? Maana aliitamka kama mtu aliyetuliwa mzigo, na hiyo ndo inayoniuma.

Kwa sababu aliyenitia huu ugonjwa wa Bond ni yeye. Tanga, kwenye banda la video nyuma ya soko, siku ya GoldenEye. Mwenye banda alikuwa na tabia, ukianza wimbo wa mwanzo anapeleka kanda mbele, watu wanataka risasi. Kaka akasimama, kijana mdogo tu wa sekondari, akamwambia "mzee acha Tina Turner aimbe, tumelipa na wimbo." Watu wakaguna, mzee akaangalia rimoti, akaiweka chini, tukausikiliza mpaka mwisho, picha za wale wanawake wanavunja masanamu kwa nyundo, na mimi nimemshika kaka mkono wa shati. Tangu siku hiyo kwetu Bond huanza kwa wimbo, na wimbo ukianza hakuna kuongea.

Ndo maana tarehe 13 Februari wimbo wa Billie Eilish wa filamu hii ulipotoka nilimtumia saa ileile. Tiki za bluu, jibu hakuna. Na mimi wimbo ule umenikaa vibaya sana, binti wa miaka 18, mdogo kuliko wote waliowahi kuimba wimbo wa Bond, kautunga na kaka yake Finneas. Unaanza na piano taratibu, anaimba karibu kwa kunong'ona, unaweza ukadhani utaishia hivohivo, kumbe ala zinapanda kidogokidogo kwa chini na kuelekea mwisho anaachia sauti yote, mpaka nywele zinasimama. Halafu kila kitu kinanyamaza linabaki gitaa. Maneno yake ni ya mtu aliyesalitiwa na mpenzi, na kwenye ile trela ya Desemba mmemwona Madeleine, mpenzi wa Bond, na siri zake, mmeona Craig ndani ya ile Aston Martin anazunguka katikati ya uwanja kule Matera huku taa za mbele zimegeuka bunduki. Mimi nasema wimbo umeshatuambia nusu ya hadithi, nusu iliyobaki ndo tunanyimwa mpaka Novemba.

Juzi usiku nikamtumia na ile video ya tuzo za muziki za BRIT kule London, Billie alivyouimba laivu mara ya kwanza, Hans Zimmer mtunzi wa muziki wa filamu yuko jukwaani, Johnny Marr kashika gitaa. Sikuandika neno, nikalala.

Asubuhi nakuta kajibu saa sita na kitu usiku: "Lakini ule mlio wa gitaa mwishoni umeusikia? Ule ndo Bond."

Yaani kausikiliza! Kausikiliza mpaka sekunde ya mwisho na alikuwa macho usiku mzito anauwaza. Nimeenda kazini natabasamu peke yangu ndani ya daladala, nimehudumia foleni yote ya barakoa bila kununa, na hata hiyo Novemba nikaiona si mbali, tutapata muda wa kuzirudia zote nne za Craig kwa mpangilio kuanzia Casino Royale, yeye Mwanza mimi hapa, tukibonyeza kwa pamoja. "Afadhali" yake bado sijaielewa na nitamuuliza akija.

Sasa fundi wa ule ukuta wa uani hapokei simu tangu jana, ufa umefika kwenye dirisha la chumba cha mama, na mvua zenyewe za masika ndo kwanza zinaanza.