Jinsi nilivyookoa ukuta wa kijani Kampala

Hatimaye nimepumua. Kila ifikapo Juni, makangaga tuliyopanda kwenye ukuta wa kaskazini, katikati ya Kampala, yalikuwa yanaungua. Majani yanajikunja kama karatasi karibu na moto. Nimeongeza maji, nimebadilisha udongo, wapi!

Kumbe shida iko kwenye modeli ya kompyuta tuliyotumia kupanga mimea. Katika Grasshopper, programu ya usanifu, faili ya hali ya hewa ilikuwa bado ya London. Kule jua la adhuhuri hukaa kusini, hivyo programu iliuhesabu ukuta wetu kuwa kivuli. Kampala iko nyuzi 0.3 tu kaskazini mwa ikweta: Juni, jua la adhuhuri linatupigia kutoka kaskazini.

Nikaweka faili ya Entebbe, nikachora majengo ya jirani, nikapiga hesabu upya. Makangaga yakashuka kwenye kivuli, juu nikapanda mishubiri. Juni hii hakuna jani lililoungua.