Ukipiga marufuku mkaa, msitu unageuka shamba la ufuta

Mimi nimesomeshwa kwa mkaa. Mama yangu aliuza mkaa Mbagala tangu sijaanza hata darasa la kwanza, gunia linashushwa alfajiri analifungua anapima kwa kopo na kisado, zile chenga zinazobaki chini anazichekecha anaziweka kando maana zina wateja wake, mama ntilie wanaoinjika maharage usiku. Kwahiyo nikiwaambia watu kwamba siku hizi nafanya kazi na asasi ndogo ya kutetea misitu ya vijiji wananiangalia mara mbili, mtoto wa muuza mkaa anatetea msitu? Ndio, na leo nataka nieleze kwa kirefu kidogo, kwasababu wiki hii tena nimekaa kwenye kikao nikasikia mtu anayeheshimika anasema dawa ni moja tu, mkaa upigwe marufuku nchi nzima basi.

Jamani marufuku naijua. Mwanzoni mwa 2006, ule mwaka wa ukame na mgao wa umeme, serikali ilipiga marufuku mkaa, nilikuwa mdogo lakini nakumbuka kwasababu nyumba nzima ilibadilika. Mama akawa anauzia uani mlango umefungwa. Mkaa haukuisha hata siku moja, ulikuja usiku, ila kopo ni lile lile na bei ni nyingine kabisa, jirani yetu mmoja mwenye watoto watano alisimama na hela yake mkononi akaitazama, akaitazama, akanunua nusu kopo. Haikufika mbali ile marufuku, baada ya wiki chache ikaondolewa. Sasa niambieni pale msitu gani ulipona? Aliyepata ni mwenye gari lenye njia ya kupita usiku, aliyelipa ni yule mama wa nusu kopo.

Msinielewe vibaya, misitu inaisha na mimi inanikosesha usingizi. Takwimu ambazo serikali yenyewe ilizipeleka Umoja wa Mataifa zinaonyesha kati ya 2002 na 2013 tulikuwa tunapoteza kama hekta 469,000 za msitu kila mwaka. Kila mwaka! Lakini ukiuliza zinakwenda wapi hizo hekta, hapo ndipo mjadala wetu unapopotea njia, maana mtu wa mjini anaona magunia kwenye barabara ya Morogoro anahitimisha kwamba mkaa ndio umemaliza kila kitu. Utafiti uliochapishwa 2020 uliofuatilia maeneo yaliyofyekwa nchini ulikuta kilimo ndicho sababu kubwa ya moja kwa moja kuliko mkaa. Mtu anafyeka, anachoma, anapanda mahindi au ufuta, na mkaa mara nyingi unatoka humo humo kwenye miti ya shamba jipya. Gunia unaliona barabarani, shamba hulioni kwasababu liko huko ndani kilometa nyingi.

Hili nililielewa vizuri Kilosa.

Kuanzia 2012, Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania (wengi tunalijua kama TFCG) pamoja na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, walianza na vijiji vya Kilosa kitu ambacho wenzao wengi wa mazingira walikiona kama kichaa, mkaa endelevu, kwa hela ya msaada wa Uswisi. Baadae ukaenda Mvomero na Morogoro vijijini hadi vikafika vijiji kama thelathini hivi. Msingi wake ni Sheria ya Misitu ya 2002, ambayo watu wengi hawajui ina nguvu kiasi gani, kwamba kijiji kikitenga msitu wake kwenye ardhi ya kijiji, kikaandika mpango wa usimamizi na sheria ndogo, huo msitu ni wao, wanavuna wao na mapato yanabaki kwao. Kilwa walishatangulia kwa upande wa mbao, mwaka 2009 vijiji vya huko vinavyosaidiwa na shirika la Mpingo vilikuwa vya kwanza Afrika kupata cheti cha FSC (cheti cha kimataifa cha msitu unaovunwa kwa uangalifu) kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Kwahiyo si jambo la kufikirika, ila mkaa ulikuwa na jina baya kuliko mbao.

Mara ya kwanza nilipopelekwa kwenye kitalu cha mkaa nilitegemea kukuta jangwa. Yani nilijiandaa kabisa moyoni. Sehemu ndogo ya msitu wa kijiji ndiyo imetengwa kwa mkaa, imegawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50 kama ubao wa drafti, unavuna kimoja unaruka cha jirani, na kitalu kilichovunwa hakiguswi tena mpaka miaka 24 ipite. Kando ya mito hapaguswi, kwenye mteremko mkali hapaguswi. Mzee wa kamati ya maliasili akaniita, "njoo huku mwanangu uone", akainama akasogeza majani kwenye kisiki cha mtondoro uliokatwa msimu uliopita. Kulikuwa na machipukizi nikayahesabu nikafika tisa nikaacha, mekundu kabisa yale majani machanga ya miombo, marefu yananifika kiunoni. Miombo ndivyo ilivyo, mizizi iko hai chini, ukikata vizuri usiking'oe kisiki wala usilime pale, mti unarudi wenyewe bila kupandwa na mtu. Ukilima ndio umemaliza, jembe na moto wa kila mwaka havimwachi mtondoro arudi.

Na kuchoma kwenyewe ni ufundi, watu wanadharau sana hii kazi. Magogo yanakatwa yanaachwa wiki kadhaa yakauke kwasababu mti mbichi unakula nusu ya mkaa wako kwa kukausha maji tu, yanapangwa makubwa katikati, yanafunikwa nyasi halafu udongo, unawasha, kisha hulali. Moshi ukiwa mweupe mzito ni mvuke bado, ukigeuka bluu mwembamba unajua kunaiva. Tundu likifunguka usiku ukiwa umesinzia hewa inaingia asubuhi unakuta majivu. Nilikaa na kijana mmoja aliyekuwa na siku ya sita kwenye tanuru lake, macho mekundu, ana koleo mkononi, anaongea na mimi lakini macho hayatoki kwenye moshi. Huyu ndiye tunayemwita mharibifu wa mazingira tukiwa tumekaa kwenye viti vya hoteli.

Hela ilikuwa inaingia wapi? Mfanyabiashara akija analipa ushuru kwenye ofisi ya kijiji, anakatiwa stakabadhi, inasomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Niliona daftari la katibu, mistari imepigwa kwa rula, safu ya magunia, safu ya namba ya gari, safu ya hela. Nje ya ofisi kuna madarasa mawili yaliyojengwa na hizo hela na wanawake wa pale wakanionyesha kisima. Doria ya msitu nayo inalipwa kutoka kwenye hilo hilo daftari, na hapa ndio kiini cha kila kitu ninachokitetea, yani msitu ulikuwa unalipa walinzi wake wenyewe, mtu akiingiza shoka kwenye kitalu kisicho chake kijiji kizima kinamtoa kwasababu anaiba hela ya darasa.

Sasa njoo kwenye utetezi wetu, maana hapa ndio tunapigwa pande zote mbili. Wenzetu wa mazingira wanasema tunahalalisha uharibifu. Wafanyabiashara wanasema tunawaongezea ushuru wakati mkaa wa magendo haulipi kitu. Na pande zote zina la kwao, sikatai, mkaa wa kijiji unaolipa kila kitu unakuja mjini unashindana kwa bei na mkaa ambao haukulipa hata shilingi. Kwahiyo sheria zinapoongezwa uzito kwa anayezifuata peke yake, kama zile kanuni za uvunaji za 2019 zilizoongeza vibali na vikao vya wilaya hata kwa msitu ambao ni wa kijiji kisheria, anayeumia ni yule mwenye daftari lenye rula. Wa usiku hakuzisoma.

Mfano nilioushuhudia. Gari lilibeba mkaa wa kijiji, stakabadhi ipo, hati ya kusafirishia ipo, likasimamishwa kwenye geti moja, geti silitaji, likakaa siku tatu wanasema kibali hakijakaa sawa, kila siku sababu mpya. Siku ya tatu usiku yule dereva ananipigia anasema dada mimi safari ijayo sirudi kwenye mkaa wa kijiji, nitabeba ule mwingine, ule haunichukui siku tatu. Nilikosa cha kumjibu. Alikuwa na mahesabu yake na yalikuwa sahihi.

Ndio maana tunachoomba ni jambo dogo ukiliangalia. Kijiji chenye mpango uliopitishwa kivune kwa mpango wake bila kuombwa ruhusa mara ya pili na ya tatu, hati moja itambulike geti zote, na nguvu za ukaguzi zielekezwe kwa mkaa usio na karatasi. Ni hayo tu. Benki ya Dunia mwaka 2009 ilikadiria biashara ya mkaa ilikuwa na thamani ya kama dola milioni 650 kwa mwaka hapa nchini, na kama nusu ya mkaa wote ulikuwa unaishia Dar. Huwezi kuigeuza hela ya ukubwa huo kuwa kosa la jinai halafu utegemee ipotee.

Kuna watakaoniambia nishati safi. Naiunga mkono kwa moyo wote, mama yangu anakohoa mpaka leo. Mkakati wa serikali wa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zenye watu zaidi ya 100 zilishaambiwa ziache kuni na mkaa, ni sawa, shule na magereza waanze. Lakini mtungi wa gesi ukiisha tarehe 20 na mshahara ni tarehe 30, hizo siku kumi watu wanapika kwa nini? Kopo la mkaa. Hata 2034 ikifika vizuri bado kuna asilimia 20 na bado kuna miaka yote hii ya katikati, na mkaa wake lazima utoke mahali, swali langu ni utoke kwenye kitalu kinachochipua au utoke popote tu gizani.

Nilirudi Kilosa mwishoni mwa kiangazi. Kijiji kile vibali vilikuwa vimekwama msimu mzima, daftari la katibu lina kurasa nyeupe, doria wameshuka kutoka kumi na wawili kubaki wanne wanaojitolea. Yule mzee wa machipukizi alinipokea vizuri, shikamoo, marahaba mwanangu, tukaletewa uji, halafu akaniambia wanawe wawili wameshamuomba kipande kule kule kwenye msitu walime ufuta, bei ya ufuta ni nzuri na mnunuzi anakuja mpaka mlangoni. Ameshawakatalia mara mbili. Akaniuliza mwaka huu vibali vitatoka mwezi wa ngapi, maana mashamba wanaanza kufyeka mwezi wa kumi na lazima awe na cha kuwajibu.