Majengo ya Misheni Bagamoyo: msiyapige saruji

Wanaopita pale Misheni hupiga picha nyumba ya mapadre yenye ghorofa na matao, kisha wanaondoka. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni hiyo 1868, na watoto waliokombolewa utumwani walilelewa na kusomeshwa hapo. Mimi ningewaomba mtazame kuta.

Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na kila ukuta una unene wa kama nusu mita. Katika nyumba za mawe za mwambao, dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri haivuki mita tatu hivi. Ndiyo maana vyumba ni virefu lakini vyembamba. Ukitaka upana, utafute mbao kubwa.

Balaa huanza fundi anapoziba ufa kwa saruji. Jiwe la matumbawe hunyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi, na lipu ya chokaa huyaachia yatoke taratibu. Saruji huyafungia ndani. Chumvi inaganda nyuma ya lipu, lipu inavimba, halafu inadondoka na ngozi ya jiwe. Wengi hulaumu bahari, nami naona wanaionea.

Dawa: bandua saruji yote, acha ukuta ukauke, kisha piga chokaa iliyolowekwa wiki kadhaa, sehemu moja kwa tatu za mchanga wa mtoni. Mchanga wa pwani usiuguse, una chumvi. Tabaka ziwe nyembamba, na zinyunyiziwe maji zisikauke haraka kwa jua.

Gonga pia ncha za boriti zilizozama ukutani. Mchwa na unyevu huanzia huko, huku katikati boriti bado zinaonekana nzima.